Kinu Kitupu cha Uani

Kinu chenye mchele kina sauti yake. Mchi ukishuka husikii kishindo, unasikia kitu kizito kinazama, na punje zinasogea pembeni kumpisha mwenzao. Kinu kitupu ni habari nyingine kabisa. Mti unagonga mti. Sauti inatoka uani kavu kavu, inapita ukumbini, inaingia kila chumba bila hodi mpaka barazani. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikisikia mti unagonga mti popote pale nasimama nilipo. Wajukuu zangu wananicheka, wanasema bibi ameona jini. Wacha wacheke, wao hawakuwepo.

Nilianza kuijua sauti hiyo mwaka niliokuwa nasoma saikolojia chuoni. Zilikuwa enzi za Ujamaa, vita imeshakwisha, na sukari ilikuwa inatajwa kwa kunong'ona. Saikolojia yenyewe watu hawakuijua. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nilikuwa nalala kwake Kariakoo kila mwisho wa wiki, aliwaambia majirani kwamba nasomea wazimu. Nikimweleza kwamba si wazimu, ni nafsi ya mtu, ananijibu kwamba nafsi ya mtu ina Mungu wake na haina haja ya mtihani. Basi nikawa msomi wa wazimu. Na mimi mdomo ninao, nikawaambia wanaonicheka wasubiri tu, nikihitimu nitaanza na wao.

Muhula huo tulipata mwalimu mpya wa utafiti. Kijana bado, ametoka ng'ambo, amevaa suti ya mikono mifupi ya rangi ya majivu, na ukitaja asilimia mbele yake anakunja uso. Walimu waliotangulia walitufundisha kuhesabu watu. Huyu akasema muhula wake hatuhesabu mtu. Kila mwanafunzi atatafuta mtu mmoja, akae naye, amsikilize mpaka aelewe jinsi mtu huyo anavyouona ulimwengu wake. Ilionekana kazi ya mchezo, kukaa na kupiga soga kisha upewe alama.

Alikuwa na kanuni zake. Kwanza ujitambulishe, useme unatoka wapi na unataka nini. Halafu umwahidi mtu kwamba jina lake hutalitaja popote, hata ukiulizwa na nani. Kisha uulize jambo moja tu, ufunge mdomo, ungoje. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda kupita zote. Alitwambia kwamba mtu akimaliza kujibu usikimbilie swali jingine, mwache na kimya, kimya kitamtoa yale aliyoyaficha. Ili tuamini, akamsimamisha mwenzetu mmoja, jamaa mwenye maringo kweli kweli, akamwuliza nyumbani kwao hawajambo, kisha akanyamaza akimtazama. Yule bwana alianza na hawajambo wote, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa ametueleza kwamba baba yake amemfukuza. Darasa zima tuliduwaa. Nilitoka pale nimevimba kichwa, naona nimepewa dawa ya kumfungua mtu yeyote.

Mimi nilichagua kuchunguza kungoja. Miaka ile nani alikuwa hangoji? Tulipanga foleni ya sabuni, ya unga, ya kitenge, na mwenye kuchoka aliacha jiwe au kopo bovu pale aliposimama, akaenda zake, na watu waliliheshimu jiwe lile na kulisogeza kama mtu mzima. Nilitaka kujua mtu anayengoja muda mrefu anafikiri nini. Na mtu wangu nilikuwa naye tayari, chumba kinachotazamana na cha shangazi.

Nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili kama zote za mtaa ule. Barazani mbele, ukumbi unaokata katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani palipokuwa na bomba, choo, majiko na kinu. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo, mjane, mnene, mwenye cheko linalofika barabarani. Kutwa alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa uani, ambapo ukiangalia mbele unaona ukumbi wote hadi nje. Shangazi yangu alikuwa mhudumu wa hospitali upande wa Upanga. Na yule wa chumba cha mbele yetu alikuwa mwanamke aliyetoka kusini, mpole, mwenye chale ndogo kwenye mashavu. Aliishi na binti yake wa pekee, aliyekuwa darasa la saba. Mimi nilimwita dada.

Dada alikuwa anapika vitumbua. Mchele alikuwa anaufuata Buguruni kwa watu anaowajua yeye, anauloweka, anautwanga, na alfajiri anauza barazani mpaka vinakwisha. Ukila kitumbua chake hulali njaa siku hiyo. Lakini vitumbua havikuwa kazi. Kazi ilikuwa ile yenye kitambulisho, na dada kitambulisho hakuwa nacho. Na zile siku zilikuwa siku za msako. Mgambo walipita na lori mitaani wakikamata kila wasiyeona kazi yake. Wakikuuliza kitambulisho huna, unapanda, unarudishwa kwenu au unapelekwa mashambani. Ukiwa na watoto, nao wanapanda. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma walimchukua hivyo na wanawe wote, na mkubwa alikuwa darasa la saba. Shule ikamfuta, mtihani hakufanya.

Jambo hilo ndilo lililomkosesha dada usingizi. Kwao hakukuogopa, shamba hakuliogopa. Alitaka binti afanye mtihani wa kumaliza darasa la saba pale pale mjini, kwenye shule iliyomsomesha, apate nafasi ya sekondari. Alisema hivyo uani mbele ya kila mtu, anachambua mchele: "Wakinipata baada ya mtihani, nitapanda lori mwenyewe bila kusukumwa. Kabla ya hapo, hapana."

Kwa hiyo bibi akabuni kinu. Akiwa kwenye kigoda chake na akaona mgambo wanaingia mtaani, anachukua mchi anatwanga kinu kitupu. Mgambo wakifika wanamkuta mama wa watu anatwanga, kuna nini hapo? Lakini sisi wa ndani tulijua. Dada akisikia mti unagonga mti, anamshika binti kama yupo, wanatokea mlango wa uani, wanaingia uani kwa jirani na kujibanza bafuni mpaka lori liondoke. Nilishuhudia hivyo zaidi ya mara moja. Nyumba nzima ilinyamaza, redio zikazimwa, tukabaki kumsikiliza bibi na mchi wake. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa kila pigo, na mimi kitambulisho cha chuo ninacho mfukoni.

Nilipomwomba dada tuongee kwa ajili ya masomo yangu, alikubali hapo hapo. Angekataaje? Mimi ni mtoto wa nyumba ile, nimemwamkia, nimeomba kwa adabu. Akanikaribisha chumbani kwake, akanitandikia mkeka, akanipa chai. Nami nikafuata kanuni moja moja. Nilijitambulisha upya, eti natoka chuoni, idara fulani, utafiti fulani, kama vile hanijui. Nikamwahidi kwamba jina lake sitalitaja popote, hata nikiulizwa na nani. Nikamwuliza kungoja kukoje. Nikafunga mdomo.

Dada akatabasamu, akasema kungoja ni kuzuri tu, mdogo wangu, kila kitu kina wakati. Nikanyamaza. Akasema serikali yetu inajitahidi. Nikanyamaza. Akasema yeye hana manung'uniko na mtu, na vitumbua anapika kidogo tu vya kula nyumbani. Nilimtazama vile mwalimu alivyomtazama mwenzetu, nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo, nikafurahi moyoni, nikasema kumbe dawa inafanya kazi. Akaongea na kuongea, akitaja mambo ambayo hayakuulizwa, kwamba binti ni mtiifu, kwamba hawana mgeni, kwamba kodi ya nyumba hajakosa. Nikarudi chuoni Jumatatu nimejaa sifa.

Jumamosi iliyofuata nilishuka kwenye basi, nikaingia mtaani na kikapu changu, nikakanyaga baraza. Nikasikia mti unagonga mti. Nikageuka kutazama barabara nione lori limesimama wapi. Hakukuwa na lori. Kulikuwa na mzee anayeshona viatu, na mbuzi, basi. Nikaingia ndani mbio kumwambia bibi kwamba mgambo hawajafika, nikamkuta anaweka mchi chini polepole. Aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama. Chumba cha dada kilikuwa wazi na hakuna mtu, na mlango wa uani ulikuwa bado unayumba.

Nilidhani ni bahati mbaya. Jumamosi ya pili, vile vile. Nakanyaga baraza, mti unagonga mti, redio zinazimwa, milango inafungwa taratibu mmoja baada ya mwingine. Nilisimama ukumbini peke yangu na kikapu mkononi. Hapakuwa na mtu wa kuniambia karibu. Nyumba niliyoizoea ilikuwa imeshika pumzi, inangoja nipite.

Shangazi alinivuta ndani, akafunga mlango na komeo. Akaniambia kwa sauti ya chini, na ghadhabu imemjaa, "Kinu kinapigwa kwa ajili yako. Wewe ndiye lori."

Nilibisha, nikalia, nikasema nani amewaambia ujinga huo. Shangazi akanieleza bila kunionea haya. Mtu gani wa nyumbani anaingia chumbani kwa mwenzake na kujitambulisha kama mgeni? Mtu gani anauliza swali moja kisha anakukodolea macho? Watu wote pale walikuwa wanajua nani huuliza hivyo, maana wapo waliowahi kukalishwa kwenye benchi la kituo cha polisi wakaulizwa hivyo hivyo na kunyamaziwa hivyo hivyo. Lakini lililomtisha dada kuliko yote ni ile ahadi. Alikuwa hana habari kwamba kuna mtu anayelitafuta jina lake. Mimi nilipomwambia sitalitaja hata nikiulizwa, akajua kwamba litaulizwa. Tangu siku ile alikuwa amefunga mizigo, na alikuwa anafikiria kuondoka na binti kabla hajakamatwa, mtihani upotee.

Nilirudi kwa mwalimu nimewaka. Nikamweleza yote, nikategemea ashtuke. Yeye akafurahi. Akaniambia sasa ndiyo nimeanza utafiti, niandike kila kitu, jinsi kinu kilivyolia, nani alifunga mlango kwanza, nilihisi nini. Nikamwuliza, na huyo mama je? Akasema mtafiti haingilii. Loo! Nilimtazama na ile suti yake ya majivu, nikaona kwamba kwake yeye mtihani wa binti ulikuwa mstari mzuri kwenye karatasi yangu. Nilitoka nikaacha mlango wazi.

Aliyenipa njia alikuwa shangazi. Alisema, umewauliza, sasa kaa wakuulize wao. Akaongea na bibi, na bibi akakubali shingo upande. Jumamosi hiyo kinu kililia kama kawaida nilipofika, lakini safari hii sikuingia chumbani. Nilipita moja kwa moja uani, nikavua viatu, nikakaa mkekani katikati, na wanawake wa nyumba wakakaa kunizunguka. Dada alikaa mbali karibu na bomba, binti amesimama nyuma yake.

Bibi aliniuliza nani amenituma. Nikajibu. Akaniuliza karatasi zangu nani atazisoma, nikasema mwalimu tu, akaguna. Kisha akaniuliza kwa nini, katika mambo yote ya dunia, nimechagua kungoja. Nikajibu jibu la darasani, kwamba ni hali muhimu ya nafsi katika jamii yetu. Na bibi, ambaye hakufundishwa na mtu, akanyamaza. Wote wakanyamaza. Bomba linadondosha matone, mimi ndiye natazamwa.

Sasa nikakijua kile kimya kilivyo ukiwa upande wa pili. Kinakukaba. Maneno yakaanza kutoka yenyewe. Niliwaambia juu ya kaka yangu, aliyekwenda vitani hajarudi, na hakuna aliyekuja kutuambia amekufa wala mzima. Niliwaambia jinsi mama yangu kule Kilimanjaro anavyobakiza chakula chake kila jioni, na asubuhi anawapa kuku, na hakuna anayethubutu kumwambia aache. Nilisema natamani kumwuliza mama anafikiri nini wakati anafunika lile bakuli, na naogopa, ndiyo maana nimekuja kumwuliza mtu mwingine. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Nililia mbele yao kama mtoto mdogo.

Dada ndiye aliyeinuka. Alikuja akakaa karibu yangu, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akasema, "Sasa umejitambulisha." Bibi akapiga makofi, akasema kumbe mpelelezi mwenyewe analia, huyu atamkamata nani. Cheko lake likafika barabarani. Nyumba ikapumua.

Baada ya hapo ndipo nilipoongea na dada kweli, bila mkeka wa wageni, yeye anatwanga na mimi napepeta. Aliniambia kungoja si kukaa. Kungoja ni kusikiliza kutwa nzima, hata ukiwa usingizini sikio moja linabaki macho, na mtu akidondosha sufuria barabarani unajikuta umesimama na mtoto mkononi. Alisema anachotaka ni siku moja tu asisikilize. Mizigo aliifungua. Binti akaendelea na shule, na mtihani ulikuwa unakaribia.

Ila sasa lilizuka jambo jingine, na lilizuka kwa mapenzi. Bibi akafanya kinu kuwa utani. Kila Jumamosi akiniona nakanyaga baraza, anachukua mchi na kugonga kinu kitupu kwa nguvu zake zote, na watu wanatoka vyumbani wanacheka, eti jamani mpelelezi wetu amefika, ficheni vitumbua. Dada alikuwa wa kwanza kutoka. Alikuwa ananiwekea vitumbua kwenye sahani ya bati, vimefunikwa, na akisikia tu mti unagonga mti anakuja nayo ukumbini akicheka, anainyoosha mbele, ananiambia nipokee hongo yangu. Nami napokea, najifanya naandika jina lake hewani. Tulikuwa tunafurahi, sitasema uongo. Mwanamke yule alikuwa na meno mazuri na sikuwa nimewahi kuyaona.

Shangazi peke yake hakucheka. Aliwaambia uani, mbele yangu, "Kinu hicho msikichezee." Bibi akamwambia wewe Mchaga hujui utani, mgambo wakija nitatwanga tofauti, dada atajua. Watwangaje tofauti kinu kitupu? Hakuna aliyeuliza hilo. Shangazi alibeba ndoo yake akaingia ndani, na mimi nikaona kwamba uzee umeanza kumfanya mkali. Ukumbi ule ulikuwa na giza hata mchana, na nakumbuka siku hiyo nilitazama mlango wa mbele, ule mraba wa mwanga kule mwisho.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, basi letu lilizimika Magomeni. Dereva akafungua mbele, akaingiza kichwa, akatoka akasema hakuna safari. Nikashuka nikaanza kutembea na jua la utosi, nimemnunulia binti penseli mbili na kifutio, vitu vya kutafutwa siku hizo kama dhahabu. Nilikuwa natembea huku nawaza watakavyonipokea, kwamba wamengoja, kwamba bibi atakuwa ameshika mchi tayari. Niliharakisha, nikaona viatu vinanichubua, nikavua nikatembea peku.

Nilipoingia mtaani nilijua. Mzee wa viatu hakuwepo, boksi lake limeangushwa, misumari midogo imetapakaa mchangani. Nilikanyaga baraza. Kinu hakikulia.

Ukumbini, sakafuni, ilikuwepo sahani ya bati imepinduka, na vitumbua viwili vimekanyagwa na kiatu. Nilivipita. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, mchi umelala mapajani, mikono juu ya mchi. Sikumwamkia na hakujali. Aliniambia bila kuniangalia usoni.

"Nilitwanga, mwanangu. Nilitwanga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikasikia anacheka."

Mgambo walikuwa wamekuja muda ule ule ambao huwa nafika. Bibi aliwaona, akagonga. Dada chumbani akasikia mti unagonga mti, akachukua sahani yake, akatoka ukumbini akicheka, amenyoosha mkono mbele. Aliyekuwa anaingia mlangoni, mwanga nyuma yake, hakumwona sura mpaka alipomfikia. Kitambulisho hakuwa nacho. Wakamshika mkono ule ule wenye sahani.

Sikumwona tena. Bibi alinieleza kwamba hakupiga kelele wala kushindana nao. Wakamwuliza anaishi na nani humo ndani, akasema peke yake. Wakamwuliza ana watoto. Akasema hana, hajawahi kuzaa, Mungu hajamjalia. Alisema kwa sauti kubwa, kila chumba kikasikia. Wapangaji wote wakathibitisha kwamba hana, bibi naye akathibitisha, na mgambo wakaridhika, wakaondoka naye.

Nilisogeza pazia la chumba chao. Binti alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, daftari la hesabu magotini. Alikuwa hajainuka tangu wakati ule. Nilimpa zile penseli, sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

"Mama aliniambia nisitoke," akasema. "Aliniambia niendelee na hesabu, ni dada mpelelezi tu."

Shangazi aliporudi kutoka kazini alimchukua akalala naye kitandani kwake, mimi nikalala chini. Alitwambia mimi na bibi neno moja, kwamba mpaka mtihani upite mtoto huyu ni wa kaka yake, amekuja kutoka Moshi, na asisikike mtu anasema vinginevyo. Bibi aliweka kinu kifudifudi pembeni mwa choo. Jumapili yote nyumba ilikaa kimya, na hakikuwa kile cha mwalimu wangu, kile kinachosubiri jibu. Binti hakulia. Alimaliza hesabu zote za daftari, akafuta, akaanza upya. Sikurudi chuoni Jumatatu, na mwalimu karatasi zangu hakuzipata.

Siku ya mtihani shangazi alimsindikiza mpaka lango la shule, nami mchana nikaenda naye kumpokea. Watoto wenzake walitoka wanarukaruka, wanaulizana majibu, mama zao wamesimama nje na maji ya kunywa. Yeye alitoka wa mwisho. Alimwamkia shangazi, akaipokea chupa ya maji, akainywa yote. Kisha akairudisha, akajifuta mdomo, akatutazama kwa zamu.

"Mtihani umekwisha," akasema. "Sasa naweza kwenda kuwaambia kwamba ni mama yangu?"

Shangazi akamshika mkono huu, mimi nikamshika ule, tukashika njia ya kituo cha polisi kuuliza wamempeleka wapi.